Kupanga Mapambano na Kuteua Wanamieleka wa Televisheni: Mwongozo Kamili kwa Wapangaji wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuamua nani apambane na nani, nani ashinde na nani aachwe nje ya kikosi, katika kampuni ndogo ya mieleka ya kulipwa inayorekodi vipindi vya televisheni Nakuru, Kisumu au Kakamega. Sitapoteza nafasi kueleza kwamba matokeo ya mieleka ya aina hii hupangwa kabla ya wanamieleka kupanda ulingoni, kwa kuwa watazamaji wetu wanalijua hilo na bado wanatazama. Jambo ambalo wapangaji wengi hulisahau ni kwamba kumpa mtu ushindi hakuhitaji ustadi wowote. Ustadi unaonekana kwa yule aliyeshindwa: iwapo wiki ijayo mashabiki watataka kumwona tena, mpangaji ameifanya kazi yake, iwapo hawatataka, amemtumia mtu mmoja kumjenga mwingine na kubaki na mtu mmoja pale alipokuwa na wawili. Kila hatua iliyo hapa chini, kuanzia usaili hadi barua ya kuachana, inafuata fikra hiyo.

Hatua ya kwanza: Jua muda, mahali na mipaka ya sheria

Kipindi cha saa moja hakina dakika sitini. Ukiondoa matangazo ya biashara, utabaki na dakika kati ya 44 na 48, na humo lazima uingize mapambano, mahojiano, muhtasari wa wiki iliyopita na watu wakitembea kuelekea ulingoni. Panga msimu wa vipindi 13, yaani robo ya mwaka, kwa sababu ni muda unaotosha kukuza uhasama mmoja mkubwa bila kuuchosha, na pia ni muda ambao mdhamini wa mjini anaweza kuuelewa katika bajeti yake.

Kukodi kamera, taa na lori la kubeba ulingo ni gharama kubwa, kwa hiyo kampuni ndogo hurekodi vipindi vitatu au vinne kwa siku moja. Utaratibu huo una bei yake. Mashabiki waliokuwa ukumbini watajua matokeo wiki kadhaa kabla ya wengine, na mwanamieleka atakayeumia siku ya kurekodi atakuwa ameharibu mpango wa mwezi mzima. Usidhani kwamba kujulikana kwa matokeo huwa kunaharibu kila kitu. Tarehe 4 Januari 1999, mtangazaji wa kampuni ya mieleka ya Marekani iitwayo WCW alifichua hewani kwamba katika kipindi cha washindani wao, WWF (kampuni ambayo leo huitwa WWE), kilichokuwa kimerekodiwa siku kadhaa kabla, mwanamieleka Mick Foley angeshinda ubingwa, akaongeza kejeli juu yake. Watazamaji wengi walibadilisha chaneli papo hapo ili wamwone Foley akishinda, ingawa walikwisha kuambiwa matokeo. Kilichowavuta ni mtu, na mtu huyo alikuwa amejengwa kwa miaka mingi ya kushindwa kishujaa.

Kuhusu sheria, mambo mawili yatoshe. Kurekodi kwa ajili ya umma kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ndiyo itakayokupa daraja la umri. Vilevile, kanuni za utangazaji za Kenya zinataka vipindi vinavyoonyeshwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku vifae familia nzima, kwa hiyo damu, matusi na vipigo vya kikatili viondoe kwenye mpango wako tangu mwanzo badala ya kuvikata baadaye na kubaki na pambano lenye mashimo.

Mahali pa kurekodia pachaguliwe kwa jicho la kamera. Ukumbi wa watu mia tatu uliojaa huonekana mkubwa kuliko uwanja wa maelfu wenye watu mia tatu upande mmoja. Nakuru ina ukumbi wa ndondi uitwao Madison Square Garden, jina lililoazimwa kutoka New York, na mji huo ndio uliomlea Philip Waruinge, bondia aliyepewa tuzo ya Val Barker, ya bondia mwenye ustadi zaidi, katika Olimpiki za 1968. Watu wa Nakuru wamezoea kukaa karibu na kamba na kupiga kelele, na hiyo ni mali. Upande wa Kisumu na Kakamega, ukilazimika kurekodi nje, kumbuka kwamba mvua ya alasiri haimsubiri mtu, na turubai la ulingo likilowa huwa na utelezi unaoweza kuvunja shingo. Anza asubuhi, au usianze.

Hatua ya pili: Kusanya kikosi

Watu kumi na sita hadi ishirini wanatosha. Kipindi chenye mapambano manne huhitaji watu wanane, kwa hiyo kila mmoja atapambana takriban mara moja katika wiki mbili, na katika wiki anayopumzika anaweza kuonekana katika mahojiano au pembeni mwa ulingo akimsaidia mwenzake. Anayepigana kila wiki huzoeleka upesi. Asiyeonekana kwa mwezi mzima husahaulika.

Eneo letu lina watu wa kutosha. Vilabu vya raga vya Nakuru, Kisumu na Kakamega vina vijana wenye miili iliyozoea kugongana, vikundi vya sarakasi vina watu wanaojua kuruka na kutua, na tamasha za maigizo za shule zimetuachia waigizaji wengi wasio na kazi. Mabondia nao watakuja, na hao wanahitaji uangalifu wa pekee, kwa maana bondia amefunzwa kumuumiza mwenzake huku akificha nia yake, ilhali mwanamieleka hutakiwa kuonyesha nia yake kwa watu wa safu ya mwisho huku akimlinda mwenzake. Wapo wanaobadilika vizuri sana. Wengine, wakiguswa pua bahati mbaya, mkono wa zamani hurudi wenyewe.

Katika usaili, usianze na mitupo. Anza na kuanguka. Mpe kila mmoja mwenzake mwepesi amwinue na kumlaza chini taratibu, kisha mzito zaidi, halafu mchukue pembeni yule aliyeinuliwa na umuulize kama angekubali kuinuliwa tena na mtu huyo huyo. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko kifua kipana. Baada ya hapo, msimamishe ulingoni akiwa kimya na umtake aonyeshe hasira, kisha woga, kisha dharau, wewe ukiwa umeketi kiti cha mwisho kabisa. Mwishowe mpe dakika mbili aeleze kwa nini anamtaka mtu fulani apande ulingoni, kwa lugha anayoongea kila siku. Kiswahili chenye lafudhi ya Kisumu au Sheng ya mitaa ya Nakuru kisirekebishwe. Mtu anayeongea kwa sauti iliyoazimwa huaminika nusu.

Anayefaulu bado hajawa tayari kwa televisheni. Kujifunza kuanguka, kuviringika na kukimbilia kamba huchukua miezi, na kumpandisha mtu mbele ya kamera kabla ya hapo ni kumkosea yeye na yule atakayembeba.

Neno moja kuhusu wanawake. Ukiwaajiri wawili tu, utakuwa na pambano moja litakalorudiwa hadi lisiwe na maana, kisha utasema kwamba mashabiki hawapendi mieleka ya wanawake. Ajiri sita, uwape hadithi zao wenyewe na dakika zinazolingana. Mwezi Februari 2015, kampuni ya WWE iliwapa wanawake wanne pambano lililokwisha kwa takriban nusu dakika, na mashabiki wa kampuni hiyo hiyo walilalamika mtandaoni kwa wingi hata ikabidi wasikilizwe. Wapangaji wa Nakuru hawana sababu ya kungoja malalamiko kama hayo.

Hatua ya tatu: Gawa nafasi za stelingi na adui

Watazamaji wetu walilelewa na filamu za vibanda vya video, na tayari wana majina ya wahusika hawa: kuna stelingi, na kuna adui. Mpangaji hahitaji istilahi nyingine. Anachohitaji ni sababu ya ugomvi, na hapa pana onyo ambalo ningependa lisomwe mara mbili.

Usimjenge adui kwa kabila lake, kwa lugha ya nyumbani kwake, wala kwa kaunti aliyotoka ukiimaanisha jamii yake. Kampuni za Marekani zilitajirika kwa maadui wa kigeni. Ubingwa wa kwanza wa Hulk Hogan katika WWF, Januari 1984, aliupata kwa kumshinda The Iron Sheik, Mwirani aliyezomewa kwa sababu ya taifa lake. Nakuru na Kisumu ziliona mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mahali ambapo chuki ya namna hiyo hufika, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka huo huo inayafanya matamshi ya chuki kuwa kosa la jinai. Ugomvi wa mashamba nao uache, hasa Bonde la Ufa. Hata bila sheria, uhasama wa kabila ni upangaji wa kivivu, kwa sababu nusu ya ukumbi itaondoka ikiwa imetukanwa na haitarudi kununua tiketi.

Zipo sababu ambazo kila mtu ukumbini anazijua bila kujali kwao ni wapi: deni, dharau, mwenye nyumba anayepandisha kodi, mwajiri asiyelipa, rafiki aliyekusahau alipofanikiwa. Tuseme stelingi wetu ni kijana wa bodaboda kutoka Kondele, mtaa wa Kisumu, na adui ni dalali anayewakopesha vijana pikipiki na kuzitwaa wanapochelewa kulipa. Uzuri wa adui huyu ni kwamba ana hoja. Kijana alitia sahihi, kijana amechelewa, na mkataba unasema pikipiki irudi. Adui anayejiamini kuwa yuko sawa huzomewa kwa moyo zaidi kuliko adui anayecheka bila sababu.

Hatua ya nne: Panga ukianzia kipindi cha mwisho

Andika kwanza pambano la wiki ya 13. Kijana wa bodaboda dhidi ya dalali, pikipiki ikiwa imeegeshwa kando ya ulingo kama tuzo. Kisha rudi nyuma wiki moja baada ya nyingine ukijiuliza swali moja tu: ni jambo gani lazima liwe limetokea ili wiki inayofuata iaminike?

Wiki ya 12 wawili hao wakutane kutia sahihi makubaliano ya pambano, na wasigusane. Wiki ya 10 dalali amshinde rafiki wa kijana, bila hila yoyote, ili mashabiki wajue kwamba anaweza kupigana na waanze kuogopa. Wiki ya 7 wawekwe katika pambano la wawili kwa wawili. Kijana amfikie dalali, ampige mara mbili au tatu, na dalali akimbie nje ya ulingo ukumbi ukimzomea. Wiki ya 4 kijana ashindwe na mtu mwingine kwa sababu dalali amemvuruga. Wiki ya 1 pikipiki ichukuliwe mbele ya kamera.

Utaona kwamba kwa wiki 12 wahusika hawa wawili hawajapigana pambano kamili hata mara moja. Hiyo ndiyo nidhamu ngumu kuliko zote, kwa sababu kila wiki mtu wa kituo cha televisheni au mdhamini atakuomba uwapiganishe sasa hivi ili watazamaji waongezeke. Tarehe 6 Julai 1998, WCW ilimpa Bill Goldberg ubingwa dhidi ya Hulk Hogan katika kipindi cha kawaida cha Jumatatu, mbele ya takriban watu 40,000 mjini Atlanta, pambano likiwa limetangazwa siku chache tu kabla. Usiku ule ulikuwa mtamu na idadi ya watazamaji ilipanda. Lakini pambano lile, ambalo mashabiki wangelilipia baada ya miezi ya matayarisho, lilikuwa limetolewa bure na halikuweza kuuzwa mara ya pili kwa bei ile ile.

Chini ya hadithi kuu weka nyingine mbili zinazotembea kwa kasi tofauti, na moja iishe kabla, tuseme wiki ya 9, ili mtazamaji asijifunze kwamba kabla ya kipindi cha mwisho hakuna jambo linaloamuliwa.

Hatua ya tano: Amua namna ya kushindwa

Hapa ndipo mpangaji anapaswa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kila pambano lina mshindwa, na katika msimu wa vipindi 13 wenye mapambano manne kila kimoja utakuwa umeandika kushindwa zaidi ya mara hamsini. Fungua daftari lenye safu tatu: nani ameshindwa, ameshindwa vipi, na amebaki na nini. Safu ya tatu ikikosa jibu, pambano hilo lisipangwe hadi jibu lipatikane.

Kulazwa mabega hadi hesabu ya tatu bila hila humpa mshindi heshima kamili, na humfaa mshindwa ikiwa alipigana kwa muda mrefu, akakaribia kushinda, na akainuka mwenyewe. Kuondolewa kwa kuvunja kanuni humlinda anayetolewa, lakini njia hiyo ikitumika mara tatu kwa mwezi mashabiki huona wanachezewa. Kuhesabiwa nje ya ulingo ni silaha nzuri kwa adui. Mashabiki wa Shinyalu na Khayega huko Kakamega, waliokua wakitazama fahali wakipambana kwa midundo ya isukuti, wanajua kwamba pambano huisha fahali mmoja anapogeuka na kukimbia; adui anayetoroka ulingoni mbele ya watu hao atazomewa kwa namna ambayo mwandishi wa hadithi hawezi kuinunua, na bado hatakuwa amelazwa mgongo. Uingiliaji wa mtu wa tatu nao utumike pale tu ambapo huyo wa tatu ana pambano lake linalofuata.

Mfano wa Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, unafundisha pande zote mbili. Alikuwa katika vipindi vya WWE tangu Januari 2008, akipendwa na watu na kushindwa mara kwa mara bila kulalamika. Februari 2019 mwenzake Mustafa Ali aliumia, Kofi akawekwa mahali pake, na usiku mmoja akapigana kwa zaidi ya saa moja dhidi ya wapinzani wanaofuatana. Hakuupata ubingwa usiku ule, wala katika pambano lililofuata, lakini kila kushindwa kulimwacha mkubwa zaidi, hadi tarehe 7 Aprili 2019 alipomshinda Daniel Bryan katika WrestleMania ya 35, onyesho kubwa la mwaka la WWE, na watu wazima wakaonekana wakilia ukumbini. Miezi sita baadaye, tarehe 4 Oktoba, alipambana na Brock Lesnar na kushindwa kwa chini ya sekunde kumi. Kwamba Lesnar alihitaji kushinda naweza kukubali. Kwamba bingwa aliyejengwa kwa miaka kumi na mmoja hakupewa hata dakika tano, wala hadithi ya kulipiza kisasi wiki iliyofuata, huo ni ufujaji wa mali ya kampuni. Katika daftari lenye safu tatu, ya tatu ingesomeka tupu.

Mfululizo wa ushindi nao uendeshwe kwa tahadhari. Goldberg alitangazwa kuwa ameshinda mara 173, idadi ambayo mashabiki walioifuatilia waliona inapanda bila mapambano, na alipoangushwa na Kevin Nash Desemba 1998 ushindi ule ulikwenda kwa mtu aliyekuwa tayari amefika juu. Kabla ya kuanza mfululizo wowote, andika jina la atakayeukatiza. Awe mtu anayeuhitaji ushindi huo, na awe na umri na muda wa mkataba wa kuutumia.

Hatua ya sita: Andika karatasi ya kipindi

Kila kipindi kiwe na karatasi moja yenye dakika, mpangilio na matokeo. Kwa dakika 46, fungua na jambo la dakika tano linalohusu hadithi kuu, kisha pambano la dakika sita, mahojiano ya dakika mbili, pambano la wanawake la dakika nane, pambano fupi la kumtambulisha mtu mpya, na ubakize dakika kumi na mbili au zaidi kwa pambano la mwisho. Zinazosalia zitamezwa na kuingia, kutoka na kurudia picha. Refa avae kifaa cha sikioni, kwa kuwa ndiye anayewanong'oneza wanamieleka kwamba zimebaki dakika mbili. Mtangazaji naye apewe karatasi yenye sababu za ugomvi, ila matokeo asiambiwe. Mshangao wake wa kweli husikika.

Hatua ya saba: Sikiliza ukumbi, na ujue unasikiliza nini

Mpango wako utakataliwa mara moja au mbili kwa msimu. Tarehe 26 Januari 2014, Batista alishinda Royal Rumble, pambano la watu wengi la WWE, kama ilivyokuwa imepangwa na akazomewa na ukumbi uliokuwa ukimtaka Daniel Bryan, ambaye hakuwekwa hata katika pambano lile. Mpango ulibadilishwa, na tarehe 6 Aprili Bryan aliwashinda watu watatu usiku mmoja na kuondoka na ubingwa. Mwaka 2024 hali ilijirudia: Cody Rhodes, aliyekuwa ameshindwa mwaka uliotangulia, alikaribia kunyang'anywa nafasi yake na The Rock, mashabiki wakakataa kwa siku chache tu, kampuni ikageuza mpango, na Cody akaukatiza utawala wa Roman Reigns uliokuwa umedumu siku 1,316.

Hata hivyo, kelele zina aina zake. Kelele za mtu anapoingia hupima muziki na sura. Kelele za anapopigwa hupima iwapo watu wanamjali. Mweke mtu mmoja asiye na ndugu wala rafiki kikosini, aandike ni pambano gani watu walitoka kununua soda, na ni mtupo gani watoto waliuiga nje baada ya kipindi. Katika ukumbi wa nyumbani punguza nusu ya unachosikia, kwa maana Kisumu itamshangilia mtu wa Kisumu hata akiwa adui. Bret Hart, Mkanada, alipogeuzwa kuwa adui mwaka 1997 alizomewa Marekani na kushangiliwa Kanada kwa maneno yale yale, na waliompanga walikuwa na busara ya kuitumia tofauti hiyo. Mpangaji anayerekodi Nakuru na Kisumu, miji iliyo umbali wa takriban kilomita 180, anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuchagua ni wapi adui wake ataonekana.

Hatua ya nane: Majeraha na nafasi zinazoachwa wazi

Kila karatasi ya kipindi iwe na jina la pili kando ya kila jina. Hunter Hearst Helmsley alikuwa amepangiwa kushinda mashindano ya King of the Ring ya 1996, lakini Mei mwaka huo alishiriki katika kuagana hadharani na wenzake waliokuwa wakihama, katika Madison Square Garden ile ya New York, na adhabu yake ikawa kunyimwa ushindi huo. Nafasi ilikwenda kwa Steve Austin, na ndiyo iliyomfungulia njia ya kuwa nyota mkubwa wa muongo ule. Mwenye jina la pili awe amefanya mazoezi ya pambano hilo.

Kuhusu usalama sina mjadala. Gari la wagonjwa na mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza wawepo kabla ya pambano la kwanza; refa akiinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa, pambano limekwisha na matokeo yaliyopangwa hayana nguvu tena. Vipigo vya viti kichwani vilipigwa marufuku na WWE mwaka 2010, nasi tuvipige marufuku tangu siku ya kwanza. Mtu yeyote asishushwe kutoka darini kwa kamba. Mwanamieleka Owen Hart alifariki hivyo Kansas City tarehe 23 Mei 1999, akiwa anaingia tu ulingoni. Aliyegongwa kichwa arudi kwa ruhusa ya daktari. Hiyo ina maana kwamba hadithi yake itasimama, na kuitafutia njia nyingine ni kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Hatua ya tisa: Mikataba, mkanda na kuachana

Malipo ya usiku yafike kwa M-Pesa usiku ule ule, kwa kiwango kilichoandikwa kabla. Kampuni kubwa ya Marekani huwahesabu wanamieleka wake kuwa wakandarasi wa kujitegemea. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi haki za aliyeajiriwa kwa mwezi, ikiwemo notisi, kwa hiyo mwone wakili kabla ya kunakili mkataba wa mtu mwingine. Kifungu kimoja usikitie kamwe: haki ya mwanamieleka kukataa matokeo. Hogan alikuwa nacho katika WCW, na kuna usiku ambao mpangaji hakuwa na kazi. Mruhusu kila mtu apinge mpango katika mkutano, hata kwa sauti ya juu, siku tatu kabla ya kurekodi. Siku ya kurekodi, karatasi ni ile iliyotiwa sahihi.

Bingwa ambaye mkataba wake unakaribia kwisha avuliwe mkanda mapema, angalau vipindi vinne kabla, awe ameongeza mkataba au la. Desemba 1995 bingwa wa wanawake wa WWF alihamia WCW akiwa na mkanda na kuutupa kwenye pipa la taka mbele ya kamera. Miaka miwili baadaye, huko Montreal, Bret Hart, bingwa aliyekuwa akihamia WCW, alitangazwa kuwa ameshindwa katika pambano ambalo hakukubali kushindwa, kwa sababu kampuni iliogopa jambo hilo hilo. Kilichozaa matukio yote mawili ni kuchelewa.

Mwisho wa msimu, ndani ya wiki moja, pitia daftari la mshindwa na ugawe kikosi katika wanaobaki, wanaopumzishwa na wanaoachwa. Kabla ya kumwacha mtu, tazama safu ya tatu: ikiwa mara tano mfululizo hukumwachia chochote, kosa linaweza kuwa katika upangaji, na msimu mwingine katika nafasi tofauti utakugharimu kidogo kuliko kumfunza mgeni kuanguka. Anayeachwa aambiwe ana kwa ana na mpangaji mwenyewe, apewe salio lake, na barua inayosema waziwazi kama jina la ulingoni na mavazi ni vyake au vya kampuni, picha zake zitaonyeshwa hadi lini, na baada ya siku ngapi yuko huru kupigana kwingine. Muda huo wa kungoja ukizidi siku ambazo unamlipa, uufute.